Mama Lini, Kilima, na Neno "Hatujui"

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa Juni, Mwenyezi Mungu akipenda, Mratibu wa Ushauri wa Jumuiya yetu ya Wanasayansi atafunga mlango wa chumba chake kilichopo ghorofa ya pili, kando ya lifti isiyopanda, na kumkabidhi mlinzi funguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Katika muda huo Jumuiya imepata marais tisa, imebadilisha nembo yake mara tatu, na imeunda kamati ya kutengeneza lifti ambayo hadi leo inaendelea na kazi yake. Mratibu amebaki yule yule, katika chumba kile kile, akiuliza swali lile lile.

Swali lenyewe ni "Lini?", nalo ndilo lililompa jina. Hakuna mtu katika jengo hili anayemwita kwa cheo chake. Kuanzia wafagizi hadi maprofesa, sote tunamwita Mama Lini, na wageni wengi, kwa adabu njema, humwuliza Lini anaendeleaje na masomo. Yeye huwajibu kwamba Lini hajambo, ila ana tabia ya kuchelewa.

Waliosomeshwa dini walionywa mapema kwamba sifa zikizidi kipimo huwa ni uongo uliovaa nguo safi. Kwa hiyo sifa zitakazosomwa hapa zimepimwa, na kasoro zimetajwa kwa kadiri ambavyo heshima inaruhusu. Kasoro nyingi, msomaji ataona, si zake. Ni zetu.

Jumuiya hii, kwa mujibu wa katiba yake, iliundwa ili kuwashauri watawala kwa elimu. Kwa miaka mingi tuliitekeleza ibara hiyo kwa uaminifu mkubwa, isipokuwa kwamba watawala hawakuwa na habari. Tulikutana ukumbini, tukasomeana mada, tukapigiana makofi, tukapitisha maazimio, kisha tukayapeleka maazimio hayo katika maktaba yetu wenyewe, ambamo yamehifadhiwa vizuri sana. Mtu yeyote atakayetaka ushahidi kwamba wanasayansi walijua, ataukuta humo, rafu ya chini, mkono wa kushoto.

Mama Lini aliingia kazini akiwa na shahada ya takwimu, begi la mkononi, na imani kwamba elimu ikiandikwa vizuri itasomwa. Imani hiyo ilidumu karibu mwaka mzima. Ndipo Halmashauri ilipotaka kuikata miti iliyopandwa kwa mstari katika barabara ya kwenda hospitali, kwa madai kwamba mizizi yake inapasua mabomba ya maji. Jumuiya iliunda jopo. Jopo lilichunguza mizizi, udongo, mabomba, kivuli, na ndege, likaandika ripoti nene kwenye karatasi ya kung'aa, na juu ya jalada likaweka picha nzuri ya ile miti. Mama Lini akatumwa kuipeleka.

Aliifikisha ripoti akiwa ametota jasho, kwa sababu barabara nzima haikuwa na kivuli. Karani wa kamati husika, mama mmoja mpole ambaye baadaye alikuja kuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliipokea kwa mikono miwili. Akatazama jalada. Akatazama dirishani, ambako visiki vilikuwa bado vibichi. Akauliza, "Hii si ile iliyokuwa pale?" Mama Lini akakiri kwamba ndiyo. "Poleni sana," akasema karani. "Lakini picha imetoka."

Aliporudi, Rais wa Jumuiya wa zama zile alimwuliza kama ripoti imepokelewa vizuri. Akajibu kwamba picha imependwa. Kisha, kwa mara ya kwanza katika historia ya jengo hili, mtu akauliza mbele ya wajumbe: "Hivi tulijua kwamba wataamua lini?" Rais akajibu kwa busara kwamba elimu haina haraka. Kauli hiyo ni ya kweli kabisa. Shoka ndilo lililokuwa na haraka.

Tangu siku ile Mama Lini alianzisha utaratibu uliowachukiza wengi. Kila Jumanne asubuhi alikwenda kukaa kwenye benchi la mbao lililopo nje ya ofisi ya karani wa kamati. Hakubeba ripoti. Alibeba salamu. Aliulizia magoti ya karani, watoto wa karani, na msiba wa shangazi wa karani, na katikati ya salamu akauliza ni jambo gani litaletwa mbele ya kamati, na lini. Aligundua jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha utawala: kwamba Waheshimiwa wengi hawajui wataamua nini mwezi ujao, lakini makarani wao wanajua. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Hawakusema tumwulize nani, na hilo ndilo pengo alilolijaza.

Palikuwa na manung'uniko. Profesa mmoja wa wadudu alisimama katika mkutano mkuu na kulalamika kwamba Jumuiya imeajiri mtu wa kukaa. Mama Lini alijibu bila kuinua sauti: "Profesa wangu, hapa sote tumekaa. Tumepishana benchi tu." Profesa aliketi, jambo lililothibitisha hoja ya Mama Lini.

Utaratibu wake wa pili ni ule unaojulikana kama mtihani wa ngazi. Kwa kuwa lifti haipandi, kila mwandishi wa ushauri alitakiwa kukutana naye mlangoni, kisha wapande pamoja hadi ghorofa ya pili huku mwandishi akieleza anataka serikali ijue nini. Aliyeishiwa pumzi kabla ya kufika kwenye hoja yake alirudishwa nyumbani akapunguze maneno. Wapo mabingwa wa kimataifa walioketi kwenye kituo cha ghorofa ya kwanza, wakishika kifua, huku wakiwa bado kwenye utangulizi. Profesa wa wadudu alirudi mara nne. Mara ya tano alifika juu akisema, "Dawa hiyo inaua nyuki pamoja na viwavi, msiinyunyize wakati wa maua." Mama Lini akampa kiti na maji. Ushauri ule ulifika kwa wakati, ulisomwa, na ukafuatwa, na profesa yule amekuwa akiusimulia hadi leo kana kwamba ngazi ilikuwa wazo lake. Wapo pia wanaoamini kwamba lifti haijatengenezwa kwa sababu Mama Lini ana mkono katika kamati yake. Mwenye ushahidi na aulete.

La tatu, na kubwa kuliko yote, ni lile alilozoea kulisema kwa maneno mawili: shahidi hahukumu. Waliopitia madarasa ya sheria za dini wanafahamu kwamba shahidi ana wajibu wake: aje anapoitwa, asifiche alichokiona, na asiongeze asichokiona. Akishatoa ushahidi, ashuke. Kiti cha hukumu kina mwenyewe, naye ataulizwa na Mola wake. Wanasayansi wetu walikipenda sana kiti cha hakimu, na kiti cha shahidi walikiona kidogo. Matokeo yake walikosa vyote viwili. Mama Lini alitukumbusha, mwaka baada ya mwaka, kwamba anayeamua barabara ipite wapi ni yule aliyepigiwa kura, na kwamba kazi yetu ni kumfanya asije akasema kesho kwamba hakuambiwa.

Haya yote yalikuwa rahisi kusema hadi ulipofika wakati wa kilima.

Miaka saba iliyopita, baada ya mvua kubwa, ufa ulionekana katika mteremko wa kilima kilicho pembezoni mwa mji, juu kidogo ya shule ya msingi. Kamati ya Makazi ilitakiwa kuamua kama shule ihamishwe au ibaki. Safari hii karani alikuwa amekwisha kutuambia siku ya kikao, na hivyo Jumuiya ilikuwa na wiki tatu kamili za kuiharibu kazi kwa utulivu.

Tulikuwa na mabingwa wawili. Wa kwanza ni mtaalamu wa miamba, mzee mrefu mwenye miwani, tunayemwita Mzee wa Miamba. Yeye alisema kilima kimeanza kusogea. Wa pili ni mhandisi wa udongo, mtu wa kifua kipana, naye alisema ufa ule ni ngozi tu ya udongo wa mfinyanzi iliyokauka, na kilima kipo tangu enzi za babu. Mabingwa hawa hawakuwa wamepata kukubaliana juu ya jambo lolote, ikiwemo iwapo feni ya ukumbini iwashwe au izimwe.

Sasa, Jumuiya yetu ina desturi ya kuzungumza kwa sauti moja. Kila sentensi hupitishwa kwa wajumbe wote, na kila mjumbe huondoa neno linalomkera, hadi sentensi ibaki haimkeri mtu. Tulikesha mchana kutwa, ikiwa lugha inaruhusu. Jioni tukapata sentensi iliyopitishwa kwa kauli moja na kupigiwa makofi: "Kilima hicho, kwa kuzingatia mazingira yote yanayohusika, kinaweza kuteleza ama kutoteleza."

Mama Lini aliichukua, akashuka hadi mlangoni, akapanda nayo ngazi akiisoma kwa sauti. Alipofika juu alikuwa na pumzi tele. Akasema kwamba kwa urefu imefaulu. Kisha akauliza, "Mwalimu akishaisoma hii, kesho asubuhi awapeleke watoto wapi?"

Lazima ielezwe hapa jambo ambalo wajumbe wote walilijua na hakuna aliyelitaja. Mwalimu mkuu wa shule ile ni mdogo wake Mama Lini, tumbo moja. Shule aliikuta ina vyumba viwili na paa bovu. Aliijenga kwa kuomba: huyu madawati, yule mabati, mwingine mlango. Hakujaliwa mtoto, na alizoea kusema kwamba Mungu alimpa shule badala yake, na kwamba ni mtoto anayekula sana.

Ndipo Mama Lini akasimama mbele ya mkutano na kulisema mwenyewe. Alisema ana mdogo wake chini ya kilima kile, na kwa sababu hiyo hatatamka neno lolote juu ya kuanguka au kutoanguka kwake. Atapanga tu nani azungumze. Akapendekeza wapelekwe mabingwa wote wawili, wakae viti viwili kando kwa kando, kila mmoja aseme anachokijua, asichokijua, na kitu gani kikitokea kitamfanya abadili mawazo.

Ukumbi ulichafuka.

"Tutaonekana tumegawanyika!" akapiga kelele mjumbe mmoja.

"Tumegawanyika," akajibu Mama Lini.

"Watajua kwamba hatujui!"

"Hatujui."

Rais wa Jumuiya wa kipindi kile, mtu mwenye tahadhari, alikubali pendekezo hilo kwa sababu alikuwa na miadi na daktari wa meno. Mwenyezi Mungu huipitisha kheri katika njia azitakazo.

Kikao cha Kamati ya Makazi kilifanyika katika chumba chembamba chenye dirisha moja na kipaza sauti kimoja, hivyo mabingwa wetu walilazimika kukaa bega kwa bega. Mheshimiwa aliyeongoza kikao hakupenda kuzungushwa. "Nataka ndiyo au hapana," alisema. "Kinaanguka au hakianguki?"

Mzee wa Miamba alisema kwamba hajui ni lini. Anachoamini ni kuwa kimeanza kusogea. Mhandisi alisema hajui kama kimeanza kusogea. Anachojua ni kuwa udongo wa namna ile ukianza, hautoi nafasi ya kukimbia. Mheshimiwa aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwa hiyo mnakubaliana," alisema. Wazee wale waligeukiana kwa mshangao wa watu waliokutana harusini wamevaa mashati ya aina moja.

Walikuwa wamekubaliana. Walikubaliana juu ya kile wasichokijua, na kwamba njia ya kukijua ni kupigilia jozi za vigingi vya chuma pande mbili za ufa na kupima nafasi iliyopo kati yake kila wiki. Kamati iliamua kwamba madarasa yahamie katika majengo ya zamani ya posta, ng'ambo ya barabara kuu, hadi vigingi vitakaposema. Mashahidi wakashuka. Hakimu alikuwa amehukumu, na kwa mara ya kwanza alihukumu akiwa ameambiwa.

Siku ya pili mwalimu mkuu alikuja ofisini. Alipanda ngazi bila kupumzika, na alikuwa na pumzi ya kutosha kusikika hadi getini. "Dada, katika mji huu mzima mmekosa kazi ya kufanya mpaka mkaja kuninyang'anya shule? Kilima kimewafanya nini?"

"Hakijafanya kitu, mdogo wangu," alijibu Mama Lini. "Ndiyo taabu yake."

"Haya. Kikianguka, nitakuja kukusalimu kwa magoti. Kisipoanguka, tusijuane."

Akashuka. Tangu siku ile dua ya Mama Lini ikawa nzito kuliko dua zetu. Kila alipomwomba Mungu akishike kilima kile, alikuwa anaomba pia mdogo wake asirudi. Alikiombea hivyo hivyo, na Mungu akakishika.

Mvua zilikuja, kilima kikatulia. Zikaja tena, kikatulia zaidi. Watu walikibatiza jina la Kilima cha Maprofesa, na wajumbe wetu walipopita madukani waliulizwa, "Vipi, kimeshaanguka?" Wengine walianza kununua sukari mitaa ya mbali. Wazazi walilalamika, na walikuwa na haki, kwa kuwa watoto walilazimika kuvuka barabara yenye malori. Baadhi ya wanachama wetu, watu wa heshima, walipendekeza Jumuiya itoe taarifa ya kufafanua kwamba haikuwahi kushauri chochote. Mama Lini aliwauliza taarifa hiyo ni ya nini. "Tulisema hatujui. Mpaka leo hatujui. Tumekosea wapi?"

Badala ya taarifa, alikwenda mwenyewe kwenye mkutano wa wazazi. Alisimama mbele yao akatukanwa kwa utaratibu, kuanzia safu ya mbele hadi ya nyuma, na mdogo wake akiwa ameketi meza kuu akitazama dari. Walipochoka, alisema kwamba barabara ile wanayoilalamikia ni matokeo ya ushauri wetu, na mshauri hana ruhusa ya kujificha nyuma ya matokeo yake. Wiki iliyofuata alirudi kwenye benchi la karani. Matuta na kivuko cha watoto vilijengwa kabla ya muhula kwisha. Hilo halimo katika orodha ya mafanikio ya Jumuiya. Linafaa kuwa la kwanza.

Vipimo vya vigingi navyo vilihitaji mtu. Jumuiya iliunda kamati ndogo ya kuandaa utaratibu wa kumpata mtu huyo. Wakati kamati ndogo ikiendelea kumtafuta mwenyekiti wake, simu ya mapokezi ililia Jumatatu moja asubuhi. Simu ile ni ya zamani. Sauti ya anayepiga husikika hadi kwenye ngazi, na kwa miaka mingi imetuepusha na dhambi ya kusengenya, kwa maana haiachi siri ya kusengenywa. Alikuwa mwalimu mkuu.

"Jozi ya kwanza, pale pale. Ya pili, pale pale. Ya tatu, pale pale."

Mpokea simu wetu, mwanamke mwenye adabu ya asili, alimwamkia na kumwuliza kama amwunganishe na dada yake.

"Andika vipimo, mwanangu," ilijibu simu, na kukatwa.

Kwa miaka saba, kila Jumatatu, mwalimu yule na wanafunzi wake wa darasa la juu wamepanda kilima asichoamini kwamba kinasogea, wakapima ufa asioukubali, na kuwaletea vipimo watu asiowasalimia. Alitaka kututhibitishia kwamba tumekosea, na katika kufanya hivyo akafanya sayansi bora kuliko kamati yetu ndogo, ambayo ilivunjwa mwaka jana kwa kukosa akidi. Nasi sote tulijua kwamba kila Jumatatu, saa ya simu ile, Mama Lini hushuka mapokezi kutafuta barua ambazo hazijaletwa. Husimama kando ya kaunta hadi asikie "pale pale" ya tatu. Kisha hushusha pumzi na kupanda ngazi. Hakuna aliyethubutu kumwuliza kama pumzi ile ilikuwa ya shukrani au ya majonzi. Yamkini alikuwa hana haja ya kuchagua.

Mengine ya utumishi wake yatajwe kwa haki, japo kwa ufupi. Ndiye aliyeanzisha desturi ya kuwapeleka wanasayansi vijana wakakae wiki nzima na makarani wa kamati, ambako wamejifunza kwamba jambo linaweza kuwa kweli na likashindwa kwa sababu limeletwa Ijumaa mchana. Ndiye aliyewaalika Waheshimiwa waje maabara, na mmoja wao, baada ya kuonyeshwa maji ya bomba la mtaa wake chini ya hadubini, alibadili msimamo wake juu ya mswada wa maji kabla hajavua koti la maabara. Ndiye aliyeweka kanuni kwamba kila ushauri unaotoka humu uanze na kifungu cha "Tusiyoyajua". Kifungu hicho kilipigwa vita miaka mingi na watu wenye elimu nyingi. Waheshimiwa, kwa mujibu wa karani, ndicho wanachokisoma kwanza, kwa sababu, alisema, "hapo ndipo tunapojua kwamba hampigi porojo."

Mwaka huu wazazi walifikia mwisho wa uvumilivu wao. Kilima kimesimama, walisema, na shule irudi. Waliitisha mkutano, na swali likapelekwa kwa mtu aliyelisubiri kwa miaka saba: "Mwalimu, wewe ndiye unayepima. Ni salama turudi?"

Wakati wa mvua zilizopita, jozi ya tatu ilikuwa imeachana kwa upana wa ukucha, kisha ikatulia. Ukucha mmoja. Mwalimu mkuu alikuwa ameshika funguo za madarasa yake ya zamani mfukoni. Alifungua kinywa aseme ndiyo, neno alilokuwa amelitunza kama nguo ya sikukuu, na neno lililotoka lilikuwa jingine.

Jumatatu iliyofuata simu ililia. Mama Lini alikuwa kwenye kaunta, akitafuta barua zake.

"Jozi ya kwanza, pale pale. Ya pili, pale pale. Ya tatu, ule ukucha wetu, haujaongezeka." Mpokea simu akaandika na kusubiri simu ikatwe. Haikukatwa. "Mwanangu, dada yangu yupo hapo?"

Mpokea simu alinyoosha mkono wenye simu, akageukia ukutani kusoma kalenda.

"Dada, wazazi wameniuliza kama turudi. Nimewaambia sijui. Nilipolitamka, nikaona uso wako."

"Wakakujibuje?"

"Wamenizomea."

"Pole, mdogo wangu," alisema Mama Lini. "Karibu kazini."

Watu waliokuwa ngazini wakawa hawapandi wala hawashuki.

"Nilisema kisipoanguka tusijuane," ilisema simu.

"Hakijaanguka."

"Najua. Mimi ndiye ninayepima. Nakusalimu hivyo hivyo. Shikamoo, dada."

Mama Lini aliitikia. Kwa kuwa sifa hizi zimepimwa, haitasemwa hapa kwamba alilia. Itasemwa tu kwamba siku ile hakupanda ngazi kwa haraka.

Kamati ya Makazi itakaa tarehe mosi Julai kuamua kama shule irudi, ibaki, au ijengwe mahali pengine. Wametuita wao wenyewe, kabla hatujauliza lini, jambo ambalo halijapata kutokea. Watakaotoa ushahidi ni Mzee wa Miamba, Mhandisi, na mwalimu mkuu wa shule. Wazee wawili bado hawajakubaliana juu ya feni. Mratibu wetu atakuwa amestaafu kwa siku moja, na kwa mujibu wa kanuni hana nafasi ndani ya chumba. Ameomba ruhusa ya kukaa kwenye benchi la nje, na karani amemjibu kwamba benchi lile limekuwa lake zaidi ya lilivyokuwa la serikali.

Mama Lini, Jumuiya inakushukuru. Ulitukuta tunajua mengi na hatusikilizwi. Unatuacha tunakiri kwamba tunajua machache, na tunaitwa. Yule tutakayemweka katika chumba chako tutamfundisha benchi kabla ya kumpa meza. Kuhusu ngazi hatuwezi kuahidi, kwa kuwa kamati ya lifti imetangaza kwamba itakamilisha kazi yake mwezi ujao, na wajumbe wameanza kurefusha ripoti zao.

Nenda kwa amani. Mwenyezi Mungu akulipe kwa kila asubuhi uliyokaa ili wengine waamue wakiwa wameambiwa. Akupe afya, akupe mdogo wako karibu, na aendelee kukishika kilima kile, kwa kuwa sasa dua yako imekuwa nyepesi. Nasi tunakurudishia swali lako mwenyewe: utakuja lini kututazama? Kwa jibu hili moja tu, tafadhali, usituambie kwamba hujui.